Sahani tupu, haijapandwa kitu, imeota koloni mara ya nne mfululizo. Mnaojua kazi za maabara nisaidieni

#1 Binti_Mwanga

Habari zenu wakuu. Niko Kigoma mjini, msaidizi wa maabara kwenye chuo kimoja cha afya. Kazi yangu kubwa ni kupika chakula cha bakteria, yaani aga, kuimimina kwenye sahani za petri na kuwapa wanafunzi wapande sampuli zao. Muhula huu wanapima maji ya visima vya mtaani. Wanayazimua hatua kwa hatua: mililita 1 ya maji ya kisima kwenye mililita 9 za maji yaliyotakaswa, kisha tena, kisha tena, halafu wanapanda na kuhesabu koloni, yaani vile vidoa vya bakteria vinavyoota juu ya aga.

Kila nikimimina naacha sahani mbili tupu. Nazifunika, nazipeleka kwenye inkubeta, yaani kabati la joto la kuoteshea, ya nyuzi 37 pamoja na nyingine. Kesho yake zinatakiwa zitoke safi kama zilivyoingia. Sasa ni mara ya nne zinaota. Koloni nyeupe, kavu, kingo zimejikunja kama karatasi iliyolowa ikakauka. Mara ya kwanza zilikuwa 2, mara ya pili 5, jana nimehesabu 11 kwenye sahani moja.

Otoklevu yetu, ule mtambo wa kutakasa kwa mvuke wa presha, iliharibika, kwa hiyo natumia presha kuka kubwa ya jikoni, dakika 15 tangu inapoanza kupiga mluzi. Namimina mezani karibu na taa ya spiriti. Dirisha linatazama ziwani.

Sahani tupu ikiota, siwezi kumwambia mwanafunzi kwamba koloni 40 alizohesabu zimetoka kisimani. Na yale maji yana watu wanayakunywa. Tatizo liko wapi?

#2 Kibirizi_Boy

Nilivyoona "sahani tupu" nikajua mtu kapunjwa wali. Pole dada. Mimi muuza dagaa tu, nakaa hapa nisome.

#3 Mzee_wa_Hadubini

Binti, jibu umeliandika mwenyewe kwenye mstari wa mwisho wa aya ya tatu. Dirisha linatazama ziwani. Mchana upepo unatoka majini unaingia nchi kavu, na njiani unapita barabara ya vumbi. Kila chembe ya vumbi imebeba abiria.

Nimefanya kazi hii miaka zaidi ya 30, Ujiji na kwingine. Taa ya spiriti inawasaidia wanaojua inafanya nini. Moto unapandisha hewa juu, kwa hiyo vumbi haliwezi kutua pale karibu na mwali. Eneo lenyewe ni dogo, kama shubiri moja kuzunguka taa. Ukimimina nje ya hapo, taa ni pambo tu. Mdomo wa chupa upitishe motoni kabla na baada ya kumimina. Kifuniko cha sahani usikiondoe, kiinue upande mmoja kama unachungulia sufuria ya mwenzio. Usiongee wala kupiga chafya.

Funga dirisha, zima feni, futa meza kwa spiriti ya asilimia 70, kisha subiri robo saa vumbi litue. Nimesema 70, siyo ile kali ya 96. Maji yaliyomo ndiyo yanayoisaidia kupenya ndani ya bakteria.

#4 Fundi_Mvuke

Mwangaluka wote. Niko Tabora, nimezeeka na mabomba ya mvuke. Bakteria siwajui, ila presha kuka naijua.

Mambo mawili. La kwanza ni mwinuko. Ule mvuke wa otoklevu unaowapa nyuzi 121 ni wa paundi 15 kwa inchi ya mraba juu ya kanieneo ya hewa ya pwani. Kigoma mko kama mita 775 juu ya usawa wa bahari, sisi Tabora kama 1,200. Hewa ya huku ni nyepesi, kwa hiyo paundi 15 zile zile zinakupa joto pungufu. Kanuni ya mafundi ni kuongeza kama nusu paundi kila mita 300. Kigoma mnadaiwa paundi moja na kitu.

La pili ndilo kubwa zaidi, nalo ni hewa iliyobaki ndani. Ukifunika na kuwasha moto, ndani kuna hewa na mvuke pamoja. Geji inasoma jumla yake, lakini joto linaletwa na mvuke peke yake. Hewa nusu ikibaki, geji itakuonyesha 15 na ndani iwe kama nyuzi 112. Dada, je, huwa unaacha mvuke utoke wazi kwa dakika 10 kabla ya kuweka uzito juu?

#5 Binti_Mwanga

Hapana. Naweka uzito tangu mwanzo, kama napika maharage.

#6 Fundi_Mvuke

Basi.

#7 Dada_Koloni

Subirini kwanza, msihukumu haraka. Naandika kutoka Mwanza, kazi yangu ni mikrobiolojia. Mleta uzi, chukua ile sahani yenye 11, igeuze kwenye mwanga, angalia vizuri. Koloni zimekaa juu ya aga au zimezama ndani yake? Tafuta zenye umbo la dengu, ndogo, zimebanwa.

#8 Binti_Mwanga

Nimeangalia. 7 ziko juu, zimetanuka. 4 ziko ndani, umbo la dengu kweli. Sikuwahi kulizingatia hili. Halafu tatu kati ya zile za juu zimejipanga mstari kama zimepimwa kwa rula, kutoka ukingoni kwenda katikati.

#9 Dada_Koloni

Zilizozama zilikuwemo kabla aga haijaganda. Kilichodondoka na vumbi baadaye hukaa juu. Kwa hiyo angalau zile 4 haziwezi kuwa za dirisha, Mzee wangu nisamehe.

Na kwa sura unayoieleza, nyeupe, kavu, kingo zimekunjamana, nafikiria bakteria wa kundi la Bacillus. Hawa wakibanwa hujifungia kwenye spora, kama mbegu yenye ganda gumu linalovumilia joto. Ferdinand Cohn alizieleza mwaka 1876 akichunguza maji yaliyolowekwa nyasi kavu: unachemsha, bakteria wengine wanakufa, hawa wanaamka. Mwaka uliofuata John Tyndall wa Uingereza akaonyesha njia ya kuwazidi akili. Unawapika kwa mvuke wa nyuzi 100 nusu saa, unawaacha hadi kesho ili spora zichipue, unawapika tena, na siku ya tatu tena. Asiye na otoklevu bado anaweza kutumia njia hiyo hadi leo, mradi kinachopikwa kiwe na chakula cha kuziamsha.

Mimi kura yangu iko kwa Fundi. Joto halikufika.

#10 Mzee_wa_Hadubini

Umesamehewa, ila sijakubali. Koloni ya ndani haithibitishi kwamba aga haikuiva. Spora ikiwa imelala chini kwenye sahani kabla ya kumiminwa, aga inaifunika, nayo inaota ndani. Spora ikidondoka kwenye mdomo wa chupa wakati wa kumimina, hali kadhalika. Binti, sahani zenyewe ni za plastiki au kioo?

#11 Binti_Mwanga

Kioo, tunazitumia tena na tena. Naziosha kwa sabuni, nazichemsha dakika 20, kisha nazianika kifudifudi juu ya kitambaa safi.

#12 Kibirizi_Boy

Hapo hata mimi wa dagaa nimeshtuka. Kitambaa?

#13 Fundi_Mvuke

Kigoma maji yanachemka kwenye nyuzi 97 hivi. Kama spora zinaivumilia 100 kama Dada alivyosema #9, basi 97 kwa dakika 20 zinaoga tu.

#14 Mzee_wa_Hadubini

Ndiyo maana nimeuliza. Vioo havichemshwi, vinaokwa. Joto kavu, nyuzi 160, saa 2 kamili, vikiwa vimefungwa kwenye karatasi. Vinatoka vikavu, vinabaki kwenye karatasi hadi dakika ya kumimina. Joto kavu linataka nyuzi nyingi na muda mrefu kuliko mvuke, kwa sababu mvuke unapenya na kuachia joto lake lote unapogusa kitu.

#15 Mnyamwezi_Asali

Mwalimu wa sayansi, Tabora. Wote mmeruka ile habari ya mstari kwenye #8. Koloni tatu zimepangana kutoka ukingoni kwenda katikati! Vumbi halitembei kwa mstari. Huyo ni sisimizi.

Ilinitokea. Aga ina nyama na sukari, kwa sisimizi ni harusi. Wanaingia kwenye ule upenyo mdogo wa kifuniko, wanatembea, kila hatua wanapanda mbegu, wanaondoka kabla hujafungua asubuhi. Nilihangaika na aga wiki mbili nikidhani siivishi. Siku moja nikakuta sisimizi mmoja kanasa kwenye unyevu wa kifuniko. Nikaweka miguu ya meza kwenye makopo ya maji yenye mafuta ya taa kidogo juu. Mistari ikaisha.

Halafu, je, inkubeta mnaweka sahani kifudifudi au chali? Zikikaa chali, mvuke unaganda kwenye kifuniko, unadondoka, unasambaza koloni moja kuwa kumi.

#16 Binti_Mwanga

Kifudifudi, hilo nalijua mwalimu. Lakini sisimizi wapo, nakiri. Msimu huu wamejaa.

Wakati huohuo nimefanya kitu. Nimechukua koloni moja ya juu na moja ya ndani nikazipaka rangi ya Gram. Zote mbili nimeona vijiti vya waridi, yaani Gram hasi. Sasa Dada_Koloni, Bacillus si wa zambarau? Vijiti vya waridi si ndiyo jamaa za E. coli? Nimeanza kuogopa kwamba ni maji yangu ya kupikia aga.

#17 Mzee_wa_Hadubini

Pole pole. Koloni ina umri gani?

#18 Binti_Mwanga

Siku ya tatu leo.

#19 Mzee_wa_Hadubini

Basi usiogope bado. Nikueleze hili kwa kirefu, maana nimeona vijana wengi wanaandika Gram hasi kwenye ripoti kwa kosa la mkono wao.

Hans Christian Gram, Mdenmaki, alitoa njia hii mwaka 1884 akiwa Berlin. Kristali vayoleti dakika moja, kila bakteria anakuwa zambarau. Ayodini dakika moja, inaungana na ile rangi na kuwa kitu kikubwa kinachokwama ndani ya ukuta wa bakteria. Kisha alkoholi au asetoni, na hapa ndipo roho ya kazi ilipo. Bakteria wenye ukuta mnene wanaishikilia rangi. Wenye ukuta mwembamba wanaiachia. Mwisho safranini inawapa waridi walioachia.

Asetoni inataka sekunde mbili tatu tu, alkoholi kama kumi. Ukipitiwa ukahesabu ishirini, hata mwenye ukuta mnene ataachia, nawe utaona waridi. Ukikausha slaidi kwa kuichoma motoni badala ya kuipitisha haraka mara tatu, ukuta unapasuka, waridi. Ayodini ikikaa kwenye chupa nyeupe juani inapauka, haishiki, waridi. Na koloni ikizeeka, Bacillus hasa, kuta zinalegea, nusu wanakuwa zambarau na nusu waridi. Siku ya tatu ni uzee. Panda upya, paka baada ya saa 18 hadi 24.

Kitu kingine: ndani ya vile vijiti hukuona vyumba vyeupe vya duara, kama punje iliyokataa rangi? Hiyo ndiyo spora. Haipokei rangi kirahisi.

Na siku zote, kwenye slaidi hiyo hiyo, paka kando bakteria unayemjua kuwa Gram chanya na mwingine unayemjua kuwa hasi. Wakitoka vibaya hao wawili, wa katikati usimsome.

#20 Binti_Mwanga

Nimerudi kwenye hadubini. Vyumba vyeupe vipo, kama katika kijiti kimoja kati ya vitano. Nilidhani ni mapovu. Asante sana Mzee.

#21 Dada_Koloni

Kuna njia ya mkato ya kuhakiki rangi ya Gram bila kupaka. Weka tone la potasiamu haidroksaidi ya asilimia 3 kwenye slaidi, chota koloni, koroga kwa nusu dakika hadi dakika moja, kisha inua lupu (kile kiwaya cha kuchotea) taratibu. Kikivutika uzi kama mlenda, ni Gram hasi: ukuta umepasuka, DNA imemwagika. Kikibaki maji tu, ni chanya. Vaa glavu, inaunguza.

#22 Binti_Mwanga

Nimefanya. Maji tu, hakuna mlenda, zote mbili.

#23 Mwani_Paje

Salamu kutoka Unguja. Nimesoma kwamba hiyo aga inatokana na mwani, na alivyoigundua Robert Koch, yule mtafiti wa bakteria wa Ujerumani, dunia ikabadilika. Kwetu mwani tunaulima kwa tani. Kwa nini dada asichemshe mwani wetu badala ya kununua poda ya bei mbaya kutoka nje?

#24 Dada_Koloni

Wazo zuri, ila mwani mnaoulima Unguja mwingi hutoa karajinani, siyo aga. Ni ndugu lakini si mmoja. Aga hutoka kwenye mwani wa jamii ya Gelidium na Gracilaria. Sifa yake ya ajabu ni kwamba inayeyuka karibu na nyuzi 85 na zaidi, lakini ikishayeyuka haigandi hadi ishuke kwenye 40 au chini ya hapo. Ndiyo maana unaweza kuipoza hadi 45 au 50, ukachanganya damu ya kondoo bila kuiivisha, na ikiganda inakaa imara kwenye inkubeta.

Na siyo Koch aliyeileta. Ni mwanamke, Fanny Hesse, mke wa Walther Hesse aliyekuwa akifanya kazi na Koch. Mumewe alilalamika kwamba jelatini inayeyuka wakati wa joto na bakteria wengine wanaila. Mama Hesse alikuwa akitumia aga jikoni kwa jeli zake, siri aliyoipata kwa jirani aliyewahi kuishi Java. Akasema jaribu hii. Ilikuwa mwaka 1881. Koch akaitaja aga mwaka uliofuata bila kumtaja mama. Sahani nayo ni ya Julius Richard Petri, 1887. Nikifundisha nalisema hili kila mwaka, na nitaendelea kulisema.

#25 Mnyamwezi_Asali

Jelatini kwa joto la Kigoma mngekunywa kwa kikombe.

#26 Kibirizi_Boy

Swali la mtu wa kawaida. Mzee aliwahi kuniambia pale Ujiji kwamba lenzi ya hadubini ya mara 100 inatumia mafuta. Mbona hatutumii mawese? Kigoma yamejaa.

#27 Mzee_wa_Hadubini

Kumbe ni wewe kijana! Swali lako si la kucheka. Yale mafuta yanawekwa kati ya slaidi na lenzi ili mwanga usipinde unapotoka kwenye kioo. Kwa hiyo yanatakiwa yapindishe mwanga sawa na kioo, kama 1.515. Mawese yako kwenye 1.46 hivi. Ungeona kitu, lakini kimefifia, kama kumtazama mtu majini. Isitoshe mawese yana rangi na huganda kukipoa, yataharibu lenzi ya gharama. Zamani tulitumia mafuta ya mseda. Ukimaliza futa kwa karatasi ya lenzi, siyo kanga.

Ila lenzi ya mafuta si ya kila kitu. Mei 2015, wakati wakimbizi kutoka Burundi walipojazana Kagunga na kipindupindu kikaingia, kile kijiji hakikuwa na barabara, watu walitolewa kwa maji, meli ya MV Liemba ikienda na kurudi. Jamaa wa maabara tulijikumbusha njia ya zamani ya tone linaloning'inia. Unaweka tone la kinyesi cha majimaji cha mgonjwa kwenye kioo chembamba, unakigeuza juu ya slaidi yenye kishimo, unatazama kwa lenzi ya mara 40. Vibrio wa kipindupindu hawatembei, wanachomoka. Kama cheche. Ukishawaona mara moja huwasahau. Lakini jibu la uhakika ni kupanda. Sampuli inasafiri kwenye Cary-Blair, chakula cha kusafirishia bakteria, ikifika inaamshwa kwenye maji ya peptoni yenye alkali saa 6 hadi 8, kisha inapandwa kwenye TCBS, aga maalumu ya Vibrio, na kesho yake koloni za njano.

#28 Dada_Koloni

Nyongeza kwa Binti: TCBS haiingii kwenye presha kuka kabisa. Inachemshwa tu hadi iyeyuke. Chumvi za nyongo na kemikali zake ndizo zinazozuia wengine. Nimeona watu wakiipika dakika 15 wakaiharibu.

#29 Daktari_Kasulu

Kwa vile Koch katajwa, niongeze jambo linalotuhusu. Mwaka 1905 alikuwa huku kwetu, ilipoitwa Afrika Mashariki ya Wajerumani, akichunguza homa ya papasi. Alikuta kupe wale, papasi wa kwenye vibanda vya udongo vilivyokuwa vituo vya misafara, wamebeba bakteria waliojisokota kama skrubu, na akawaona hadi ndani ya mayai yao. Ng'ambo ya ziwa, Kongo, Dutton na Todd walikuwa wakichunguza jambo hilo hilo. Dutton aliugua homa hiyo hiyo akafia huko, Februari 1905. Bakteria akapewa jina lake, Borrelia duttonii.

Mpaka leo, mgonjwa anayesema homa inakuja na kwenda, kipimo cha malaria hakina kitu, na analala chini kwenye nyumba ya udongo, naomba tone nene la damu lipakwe rangi ya Giemsa, na lichukuliwe homa ikiwa juu. Ikishashuka hutawaona.

#30 Fundi_Mvuke

Historia tamu, lakini sahani za dada bado zinaota. Turudi.

Dada, hoja zipo nyingi: upepo wa Mzee, hewa yangu, vioo vya kuchemsha, sisimizi wa mwalimu. Kila mmoja anavutia kwake. Pima. Chupa moja ya aga ukishaipika usiifungue kabisa, iweke inkubeta ilivyo. Ikiota, tatizo ni jiko. Ikikaa safi, tatizo liko kwenye kumimina au kwenye vioo.

#31 Dada_Koloni

Safi sana. Ongeza sahani zilizookwa dhidi ya zilizochemshwa, aga ya mpiko mmoja. Na ule utepe unaobadilika rangi kwenye otoklevu, kama unao, usiuamini peke yake. Unasema joto lilipita hapa, hausemi lilikaa muda gani. Hospitali kubwa hutumia spora za Geobacillus stearothermophilus kama shahidi: zikifa hao, wengine wote wamekufa.

#32 Binti_Mwanga

Asanteni. Tanuri la vioo hatuna, ila jirani yangu ni mwokaji mikate. Nitamwomba.

#33 Binti_Mwanga

Nimerudi baada ya siku nne. Matokeo haya hapa, nayaandika yalivyo.

Nilitoa hewa dakika 10 kabla ya kuweka uzito, nikapika dakika 30. Chupa moja ya mililita 100 na moja ya 500 sikuzifungua. Ya 100 imekaa safi. Ya 500 imeota koloni 3.

Nilimimina sahani 10 kutoka kwenye chupa nyingine mbili za mililita 100. Sahani 5 zilizookwa kwa jirani: moja imeota, koloni 1, juu. Sahani 5 zilizochemshwa: tatu zimeota, jumla koloni 5, mbili zikiwa ndani. Dirisha nilifunga. Miguu ya inkubeta niliweka kwenye makopo. Mistari haikuonekana. Umeme ulikatika usiku kwa muda wa kama saa tatu hivi, inkubeta ikapoa.

#34 Fundi_Mvuke

Chupa ya 500 inanipa haki. Mzigo mkubwa unachelewa kupata joto katikati. Nje imeiva, ndani bado.

#35 Mzee_wa_Hadubini

Kizibo cha pamba cha ile chupa ya 500 kilikuwaje? Kikavu?

#36 Binti_Mwanga

Kilikuwa kimelowa. Kiligusa maji wakati presha inashuka.

#37 Mzee_wa_Hadubini

Basi si jiko. Pamba iliyolowa haichuji hewa, ni daraja. Chupa inapopoa inavuta hewa ndani kupitia hapo, na wageni wanaingia nayo. Ungeifunika na karatasi ngumu na uzi.

#38 Mnyamwezi_Asali

Na mistari imekwisha baada ya makopo. Mimi nimeridhika.

#39 Dada_Koloni

Mwalimu, usiridhike. Alifunga dirisha siku hiyo hiyo, akatoa hewa, akaongeza muda, akaweka makopo, na inkubeta ikapoa usiku. Amebadilisha mambo matano kwa pamoja. Inkubeta ikipoa, hata kilichokuwepo kinachelewa kuota. Sahani zilizookwa zimefanya vizuri kuliko za kuchemsha, hilo naliona, lakini 1 kati ya 5 na 3 kati ya 5 ni idadi ndogo mno kuapia.

Binti, umefanya kazi nzuri mno. Zile sahani safi usizitupe, zirudishe inkubeta siku mbili zaidi.

#40 Binti_Mwanga

Nimezirudisha. Na nimepiga simu kwa mwokaji, kakubali sahani 20 Jumamosi, akishatoa mikate ya asubuhi. Aliuliza kama tanuri lake litabaki na wadudu, nikamwambia vioo vinaoshwa kwanza na havijapandwa kitu. Safari hii, ukiacha pamba nitakayoifunga karatasi, nabadilisha kitu kimoja tu. Dirisha litakuwa wazi, makopo yatabaki.

#41 Mzee_wa_Hadubini

Dirisha wazi! Haya. Mimina saa 8 mchana, upepo ukiwa umekolea, ili tusije tukabishana tena.

#42 Kibirizi_Boy

Jumamosi nakuja na kilo ya dagaa kwa mwokaji na kwa maabara. Mlete namba hapa Jumapili.